Lamu hupangwa kwa mwezi na maji: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Msomaji wetu mmoja wa Morogoro ametuandikia kwamba yeye, mumewe, watoto wao wawili wa miaka 14 na 10, pamoja na mama mkwe wake aliyekwisha kuvuka miaka 65, wanakusudia kwenda Lamu kwa siku 9. Wanataka kuyashuhudia Maulidi, kuuona mji wa kale, na kufika kwenye magofu ya Takwa, Siyu na Shanga. Anauliza waende lini, wapite njia gani, iwapo familia ya Kikristo itapokewa vyema katika sherehe ya Kiislamu, na iwapo mama mkwe ataimudu bahari. Pamoja na swali ametuma ratiba aliyoipanga mwenyewe, ambamo Takwa imewekwa saa nne asubuhi siku moja baada ya mwezi kuandama, na Siyu imewekwa siku inayofuata, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Dada, ratiba yako ni nzuri kwa jinsi ulivyopima umbali, lakini umeipanga kwa ramani peke yake, na ramani haikuonyeshi kwamba saa nne asubuhi siku hiyo uliyoichagua kijito kinachoingia Takwa kitakuwa tope tupu lililozungukwa na mikoko. Katika visiwa vya Lamu kuna vitu viwili vinavyoamua mtu aende wapi na lini, navyo ni kupwa na kujaa kwa bahari na kalenda ya ibada. Vyote viwili hufuata mwezi. Mwenye kuelewa hivyo hupanga safari yake yote kwa kuhesabu siku tangu mwezi kuandama, kisha ndipo hulinganisha na tarehe za likizo, na kwa maoni yangu huo ndio utaratibu pekee usiomwangusha mgeni katika sehemu hizo.

Tuanze na Maulidi, kwa sababu ndiyo yaliyokufanya uichague Lamu. Mwezi wa kuzaliwa Mtume ni Rabi'ul-awwal, ambao Waswahili huuita Mfungo Sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 11 hivi, na kwa hiyo sherehe hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2026 Mfungo Sita unaangukia takriban katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba, na miaka inayofuata utasogea kuelekea mwanzo wa Agosti na Julai. Maulidi makubwa ya Lamu hayafanyiki tarehe 12 ya mwezi huo, kama wengi wanavyodhani, bali kilele chake huwa katika juma la mwisho. Asili yake inarejeshwa kwa Habib Swaleh, sharifu mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya 19, akafundisha watu wanyonge ambao mabwana wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, na ambaye msikiti wake wa Riyadha, uliojengwa upande wa Langoni, umekuwa tangu hapo kitovu cha elimu ya dini katika pwani nzima. Watu hutoka Mombasa, Tanga, Unguja, Komoro na hata Hadhramaut kuja kuhudhuria. Usiku husomwa maulidi kwa matari, mchana kuna ngoma za wanaume kama vile goma na kirumbizi, na siku za mwisho huwa na zefe, maandamano yanayopita mjini kwa qasida. Kando ya ibada yenyewe huandaliwa mashindano ya punda kwenye barabara ya ufukweni, ya mashua, na ya kuogelea, na nina hakika kwamba hayo ndiyo watoto wako watakayoyasimulia shuleni.

Sasa zingatia jambo ambalo wageni wengi hawaliunganishi. Ikiwa kilele cha Maulidi ni mwisho wa mwezi, basi siku zinazofuata mara moja ni za mwezi mchanga, na mwezi mchanga, sawa na mwezi mpevu, ndio wakati wa bamvua, yaani maji makubwa. Katika pwani hii ya Afrika Mashariki maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne au tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hadi baada ya juma moja, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kuelekea adhuhuri lakini hayapandi sana. Hayo ndiyo maji mafu. Majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini, Mombasa, hutolewa kila mwaka na yanatosha kwa kupanga, kwa kuwa tofauti yake na Lamu si kubwa. Hata hivyo, neno la mwisho mwachieni nahodha, ambaye anajua ni kijito gani kimejaa mchanga mwaka huu na upepo unauchelewesha au kuuharakisha vipi mkondo.

Tumia hesabu hiyo kwa Takwa. Magofu hayo yako upande wa pili wa mlango wa bahari, katika kisiwa cha Manda, na njia ya kawaida ya kuyafikia ni kijito chembamba chenye mikoko pande zote mbili, ambacho chombo hukipita maji yakiwa yamejaa tu. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, basi, msiende asubuhi. Ondokeni Lamu au kijiji jirani cha Shela kama saa nane unusu mchana, mwingie kijitoni huku maji yakipanda, na muwe mmerudi chomboni kabla maji hayajaanza kuwaacha. Kwa njia hiyo mtapata saa moja na nusu hivi nchi kavu, mtarudi kabla ya jua kuzama, na mama mkwe hatalazimika kutembea topeni. Mahali penyewe panatosha kabisa kwa muda huo. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na wenyeji wa Shela huhesabu kwamba wazee wao walitoka huko, ndiyo maana hadi leo huenda kuomba dua kwenye kaburi lenye nguzo. Msikiti wake wa Ijumaa una nguzo juu ya kibla, jambo lisilo la kawaida, na ukuta uliouzunguka mji bado unaonekana sehemu kubwa. Waambieni watoto wasipande juu ya makaburi wala kuta; si kwa sababu ya sheria tu, bali kwa sababu chokaa ya matumbawe iliyokaa karne nne kwenye hewa ya chumvi humeguka kwa uzito mdogo.

Siyu na Shanga ni habari nyingine, na hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Zote mbili ziko katika kisiwa cha Pate, na boti za abiria zinazokwenda huko hupita mfereji wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa kufuata maji. Ukiwahi au ukichelewa, mtasubiri katikati ya mikoko. Siyu nayo ina kijito chake, na kama hamkifikii na maji, mtashukia Mtangawanda na kusafiri nchi kavu kupitia mji wa Pate. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana kwa chombo cha kukodi chenye mashine, lakini kwa hesabu ya maji mtakuwa mmebakiwa na muda wa kuitazama ngome na kugeuka. Siku zinazofaa kwenda kwa starehe ni kama siku ya 4 hadi ya 6 ya mwezi mwandamo, ambapo maji hujaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, mkalala Siyu, mkarudi kesho yake. Katika siku zako 9, kama nitakavyoeleza, siku mbili zitaliwa na njia ya kwenda na mbili na ya kurudi. Zikibaki tano, Maulidi na Siyu havikai pamoja. Ama ongezeni siku tatu, ama iacheni Siyu kwa safari nyingine. Ningekuwa mimi, ningeongeza siku, kwa sababu anayerudi nyumbani akiwa ameuona mji wa Lamu pekee ameiona nusu moja tu ya historia hiyo.

Sababu ni hii. Shanga, mwendo wa miguu kama saa moja kutoka Siyu, ilichimbuliwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe zikaonekana tabaka za misikiti ya awali zaidi, ya miti na ya udongo, zikirudi nyuma hadi karne ya 8. Uchimbaji huo ulisaidia sana kuonyesha kwamba miji ya Waswahili haikuletwa imekamilika kutoka ng'ambo, bali ilikua palepale, hatua kwa hatua, kutoka makazi ya wenyeji. Mji huo uliachwa mwanzoni mwa karne ya 15, na leo kuta zake, makaburi na msikiti vimo ndani ya vichaka, bila kibanda cha soda wala msururu wa watalii. Siyu yenyewe ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi wa ngozi, mbao na chuma. Katika miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, iliyashinda majeshi ya Sayyid Said wa Unguja, na mshairi Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka huyo. Mnapoitazama ile ngome iliyoinama juu ya kijito, mnatazama mahali ambapo dola ya Busaidi, ukoo wa Sayyid Said, ilikwama.

Kuhusu majira kwa ujumla, kama tarehe za Maulidi zitawashinda, epukeni Aprili hadi Juni, na hasa Mei, wakati wa masika, ambapo mvua hufululiza na nyumba nyingi za wageni hufungwa. Kusi huvuma tangu Aprili hadi karibu Septemba na kuichafua bahari ya nje, ingawa ndani ya mlango wa bahari, kati ya Lamu na Manda, maji hubaki tulivu zaidi. Kuanzia Novemba hadi Machi ni kaskazi, joto huwa kali zaidi lakini bahari huwa ya kusafirika. Ramadhani sikushaurini kwa safari ya kwanza: mikahawa mingi hufungwa mchana, na ingawa usiku mji huchangamka kuliko wakati wowote, mtoto wa miaka 10 hawezi kusubiri futari ya watu wengine.

Njia ya kwenda ni ndefu lakini si ngumu. Kutoka Morogoro mtapita Chalinze na Segera hadi Tanga, mtavuka mpaka Horohoro na kuingia Lunga Lunga, kisha Likoni, mtavuka kwa kivuko na kulala Mombasa. Msijaribu kuunganisha siku hiyo hiyo. Mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi, hupita Malindi, Garsen na Witu, na kuishia Mokowe, ambako abiria hushukia gatini na kuingia boti ya kuvuka hadi mji wa Lamu, safari ya nusu saa au pungufu. Kila mtu, pamoja na watoto, awe na pasi yake au hati halali ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki. Raia wa Tanzania hawahitaji kile kibali cha kuingilia cha kielektroniki ambacho Kenya ilikianzisha Januari 2024. Chukueni pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa huenda mkaulizwa mpakani, hasa mkirudi.

Usalama ni swali ambalo hukuliuliza, lakini nitalijibu, maana mama mkwe wako ataliuliza. Bara ya kaunti ya Lamu iliumia. Mashambulizi ya Juni 2014 huko Mpeketoni yaliua watu wengi, na tangu hapo kumekuwa na matukio mengine katika barabara na vijiji vinavyopakana na msitu wa Boni. Ndiyo sababu mtakuta vizuizi vingi vya polisi baada ya Garsen, abiria wakishuka kuonyesha vitambulisho, na mara nyingine magari yakipewa ulinzi. Barabara sasa ni ya lami, na hilo limesaidia sana. Kanuni yangu ni tatu: safirini mchana tu, ulizeni hali ya njia siku moja kabla katika ofisi ya basi mjini Mombasa, na msielekee kaskazini, upande wa Kiunga na mpaka wa Somalia, bila ushauri wa mamlaka za huko. Mji wa Lamu, Shela na Manda vimekuwa na utulivu wa kutosha kwa familia. Mkiwa na uwezo wa kulipa zaidi, kuna ndege kutoka Nairobi na kutoka pwani hadi kiwanja cha Manda, kisha mnavuka kwa boti. Kwa mama mkwe, pengine ndege ya kurudi ingekuwa zawadi yenye maana kuliko kanga.

Mkifika gatini mtapokewa na vijana wengi wanaotaka kubeba mizigo, kuonyesha nyumba za kulala na kuuza safari za mashua. Wengine ni waaminifu na wengine si waaminifu, na hamtaweza kuwatofautisha mkiwa bado mmeshika mabegi. Basi mwenye nyumba mliyoiagiza awatume mtu mnayemjua kwa jina, na bei ya kila kitu, boti, mkokoteni na punda, ikubaliwe kabla ya huduma, ikielezwa wazi kama ni ya kichwa au ya chombo kizima. Mkitaka kiongozi wa mji, mtafuteni kupitia ofisi ya makumbusho, ambako mtapata mwenye kibali. Ninyi mna nafasi ambayo mgeni wa Ulaya hana: mnaweza kumuuliza bibi anayeuza mahamri njia ya kwenda Riyadha, naye akawajibu kwa lugha mnayoielewa, hata kama Kiamu chake, lahaja ya Lamu, kitawapita hapa na pale. Itumieni nafasi hiyo kabla ya kumlipa mtu wa kuwasemea.

Mji wa kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nautengea siku mbili za kutembea polepole. Anzeni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ambayo ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Kutoka hapo fuateni Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea kaskazini upande wa Mkomani, kwenye nyumba kubwa za mawe, madaka, yaani kumbi za mlangoni, yenye baraza za kupokelea wageni, na mawikio yanayounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Jumba la Makumbusho la ufukweni linahitaji asubuhi moja, na Nyumba ya Waswahili inahitaji saa moja tu, lakini msiiache, kwa sababu ndimo mtakapoona zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na vyumba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa cha faragha zaidi, na baada ya hapo mtaielewa kila nyumba mtakayoipita. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, ni ya kupitia tu. Katika makumbusho ya taifa raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali, na kwa hiyo tembeeni na vitambulisho. Malipo mara nyingi hufanywa kwa simu. Nunueni laini ya Kenya Mombasa kwa pasi yenu na muiwekee fedha. Benki zenye mashine za kutolea fedha zipo mjini Lamu, lakini kisiwani Pate msizitegemee.

Je, familia ya Kikristo itapokewa? Itapokewa, na vizuri, mradi ijue kwamba Maulidi ni ibada ambayo imeruhusu watazamaji, wala si tamasha lililoandaliwa kwa ajili yao. Kwenye mashindano ya punda simameni popote. Kwenye zefe simameni kando, msikatishe safu, na mama mkwe atafutiwe baraza ya nyumba fulani ya kukaa. Akiomba kwa adabu hatakataliwa. Ndani ya Riyadha au msikiti mwingine wowote msiingie bila kukaribishwa na mtu wa msikiti huo, na hata mkikaribishwa, wanawake wana mahali pao pa kukaa. Picha za watu huombwa kwanza, za wanawake waliovaa buibui zisipigwe kabisa bila idhini yao, na polisi, wanajeshi na bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na mtaliona mkielekea Pate, visipigwe picha hata kwa mbali. Mavazi si jambo la kuwasumbua watu wa Morogoro: dera au gauni refu na mtandio kwa wanawake, suruali au kikoi na shati kwa mumeo na mwanao, na nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Pombe haiuzwi mjini isipokuwa katika hoteli chache, na kuinywa njiani ni utovu wa adabu ambao utazungumzwa mtaa mzima kabla hamjarudi chumbani.

Wakati wa Maulidi vyumba hujaa mapema sana, na wageni wengine hulala kwa jamaa. Agizeni chumba miezi kadhaa kabla, na mkiagiza ulizeni mambo mawili ambayo matangazo hayayataji. La kwanza ni ngazi. Nyumba za kale zina ngazi za mawe zilizo wima na nyembamba, na vyumba vinavyosifiwa kwa upepo viko juu. Mwombeeni mama mkwe chumba cha chini, na mwangalieni yule wa miaka 10 kwenye paa, ambako kuta za ukingoni mara nyingi ni fupi. La pili ni maji. Maji baridi ya mji hutegemea sana yale yaliyohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, nayo hayatoshi idadi ya watu wakati wa sherehe. Ulizeni kama nyumba ina tangi, ogeni kwa kiasi, na kunyweni ya chupa au yaliyochemshwa. Kwa mapendekezo, laleni mjini siku za Maulidi, kisha mhamie Shela, umbali wa kilomita 3 hivi, kwa siku za mapumziko. Njia ya pwani kati ya Lamu na Shela hupitika vizuri maji yakiwa yamepwa. Maji ya bamvua yanapojaa sehemu yake hufunikwa, na hapo chukueni boti. Ufukwe wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi, lakini upande unaoelekea bahari kuu hauna mwamba wa kuukinga, na wakati wa kusi mkondo wake una nguvu. Watoto waogelee karibu na kijiji, mahali ambapo wenyeji wenyewe wanaoga.

Vya kununua ni vingi na vizuri: kofia zilizodariziwa kwa mkono, vijaluba na masanduku ya mbao za kuchonga, viatu vya ngozi vya Siyu. Msinunue kipande cha mlango wa kale, kigae cha chombo kilichookotwa magofuni, tumbawe wala gamba la kasa, hata kama muuzaji ataapa kwamba ni vya babu yake. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali, na mpakani Lunga Lunga hakuna atakayesikiliza habari za babu.

Lililobaki ni mama mkwe na bahari. Kuvuka Mokowe, kwenda Shela na kwenda Takwa jioni ya maji makubwa ataweza bila shida, kama atapata chombo chenye kivuli na ngazi ya kushukia, na kama kila abiria atapewa jaketi la kuokolea kabla ya kung'oa nanga. Nahodha anayesema kwamba bahari ya leo haihitaji majaketi, mshukuruni na mtafute mwingine. Dawa zake zitoshe siku zote na ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Hospitali ya rufaa ya kaunti ipo kisiwani Lamu, lakini dawa mahususi ya shinikizo au kisukari aliyoizoea huenda asiipate. Safari ya Siyu sitamshauri: ni saa mbili au tatu katika boti iliyojaa, mteremko wa kukanyaga maji hadi magotini ikiwa mmechelewa, na kulala katika nyumba ya mwenyeji, kwa kuwa hoteli ya kawaida huko msiitarajie. Mkiongeza zile siku tatu, mumeo aende na yule wa miaka 14, wapatane na mwenyeji wao wa Siyu kwa simu kabla ya kuondoka Lamu, na wakubaliane na nahodha saa ya kurudi kwa maji ya kesho yake. Wewe na yule mdogo mbaki Shela na bibi yake, na siku hiyo hiyo mkate tiketi za basi la kurudi Mombasa, kwa sababu baada ya Maulidi viti vya wiki nzima huisha haraka.